Vibao Vipya vya Tala

Tangu nirudi Nakuru, rafiki zangu, mmeniuliza mara tatu habari za Machakos, na mara zote tatu nimejibu kwamba safari ilikuwa ndefu, kisha nikaomba chumvi. Mlistahili jibu bora kuliko hilo. Ninaandika kwa sababu mezani penu nashindwa: mtu akinitazama usoni ninapolisimulia jambo hili, ulimi hutafuta njia ya mkato, na njia za mkato ndizo zilizoniponza.

Mnafahamu kwamba baada ya wizara kutupunguza nilikaa miezi mingi bila kazi, hata shirika moja la utafiti likanichukua kwa majuma mawili na nusu. Nilitakiwa kupita kwa miguu katika miji midogo ya Machakos, ambako nilizaliwa, niorodheshe biashara zilizofunguliwa mwaka huo, na kumwuliza kila mwenye biashara anatarajia mwaka ujao uwe mzuri, uwe kama huu, au uwe mbaya. Jinsi kazi yenyewe ilivyopatikana haina maana hapa. Nitaanzia mjini.

Machakos mjini

Kitu cha kwanza kilichonipokea ni harufu ya rangi ya mafuta. Kila mtaa ulikuwa na kibao kilichong'aa, na chini ya kila kibao palikuwa na mtu aliyesimama mlangoni kama bwana harusi. Maagizo niliyopewa yalikuwa mepesi: biashara ni mpya ikiwa leseni yake ya kwanza ni ya mwaka huu. Niliingia katika hoteli ya kwanza nikiwa na mkoba wa fomu kifuani, na kabla sijafungua kinywa, mwenyewe, mama mmoja mnene aliyejifunga leso mbili, alikuwa ameniwekea chai na chapati.

"Kunywa kwanza, afisa. Choo kiko na maji tangu asubuhi."

"Mama, mimi si mtu wa afya."

"Hata yule wa mwezi jana alisema hivyo hivyo. Alikula chapati nne."

Ilinichukua robo saa kumshawishi. Aliponielewa alionekana kujutia ile chapati, lakini hakuiondoa. Nikamwuliza habari za mwaka ujao. Alitazama juu ya bega langu, kwenye mlango wa jirani ambapo mwenye hoteli nyingine alikuwa akifuta meza iliyokwisha kufutwa, kisha akapaza sauti.

"Mzuri sana. Andika mzuri sana."

"Fomu haina mahali pa 'sana', mama."

"Basi andika mzuri mara mbili."

Nilicheka, nikaandika mara moja. Siku tatu zilizofuata nilisikia jibu hilo kwa vinyozi, kwa washonaji, kwa wauza vyombo vya plastiki. Nami, kwa ukweli wote, sikutaka kulidadisi. Mtu aliyefukuzwa kazi akiwa na shahada na mvi huwa na njaa ya habari njema, na hapa nilikuwa nikilipwa kuzikusanya. Usiku nililala vizuri. Nilijiambia kwamba serikali ilipotutupa watu wake, watu walikuwa wameokotana wenyewe.

Mutituni, Mitaboni, na kwa dada yangu Kangundo

Njia ya kwenda Kangundo kupitia Mutituni hupanda na kushuka, na katika vilima vile mnaweza kuisoma habari ya kahawa bila kufungua gazeti. Miti ya kahawa ilikuwa bado imesimama, lakini katikati ya mistari yake watu walikuwa wamepanda mahindi na maharagwe, kama familia iliyokwisha kuanza kugawana vyombo huku mgonjwa angali anapumua.

Mitaboni nilicheleweshwa siku nzima. Fundi cherehani niliyemtafuta alikuwa mazishini, na kwa kuwa nilimfuata huko, nilikabidhiwa viti vya kubeba. Nilibeba. Nilikula muthokoi, ile pure ya mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, sahani ya bati ikiunguza vidole, pamoja na watu waliodhani kwamba mimi ni binamu wa marehemu aliyepotelea Nakuru. Sikuwasahihisha. Baada ya kaburi kufukiwa, fundi alikuja akajibu fomu yangu akiwa amesimama.

"Mwaka ujao utakuwa mzuri. Unaona hiyo kwaya? Sare zote ni mimi nimeshona."

Kangundo nilifikia kwa Mwikali, dada yangu wa pekee. Ni mjane, na ndiye aliyebaki na shamba la mama yetu: miti ya kahawa kwenye mteremko, na chini kipande cha bonde chenye chemchemi isiyokauka hata miaka ya njaa. Hapo mama alipanda miwa na nduma, yaani magimbi. Majirani wote walichota hapo. Katika utoto wetu watu walitujua kama watoto wa penye maji.

Mwikali aliniacha nile kwanza. Alipoondoa sahani, alikaa mbele yangu, mikono mapajani.

"Mwana wa mwaitu," akasema. Ndivyo tunavyoitana, mtoto wa mama yangu. "Yule mwalimu wa sekondari anataka kununua bonde. Anataka sasa. Mimi nataka kufungua duka Tala. Mbegu, sabuni, vitabu vya shule."

"Na maji?"

"Maji nitanunua kama watu wa Tala wananunua. Kahawa hainiletei hata hiyo sabuni. Niko na mikono na niko na akili. Mtaji sina, isipokuwa bonde."

Nilitaka kumwambia kwamba mwenye bonde anaamua mwenyewe. Hakuningoja.

"Mama aliuza ng'ombe watatu ndio usome. Sikuwahi kuuliza wangu wa kusomea walienda wapi. Sasa soma huko barabarani, uniambie. Ukisema ndiyo, nauza. Ukisema hapana, nitakaa na jembe yangu na sitakuuliza tena."

Hakulisema kwa uchungu. Alilisema kama mtu anayeeleza njia ya kwenda kisimani. Nilimwahidi kwamba nitamletea jibu kutoka Tala, siku ya soko ikipita.

Tala

Tala ni mwendo mfupi, na siku ya soko mtu huisikia kabla hajaiona. Niliingia nikiwa na fomu mpya na miguu iliyovimba. Upande mmoja nguo za mitumba zilirushwa juu zikaanguka juu ya wateja. Upande mwingine misumari ilipimwa kwa mizani yenye kutu. Kila mahali vibao vilikuwa vipya. Niligundua kwamba karibu vyote viliandikwa na mkono mmoja: herufi K yake ilikuwa na mguu mrefu uliojikunja chini ya neno zima kama mkia wa paka. Nikavutiwa. Mji ambao mwandishi wake wa vibao hapumziki, nikawaza, ni mji unaozaliwa.

Wauza mitumba wawili walinifanyia mzaha nilipokuwa nikipanga karatasi.

"Huyu mzee wa makaratasi anauliza kama tutakuwa matajiri."

"Mwambie anunue suruali kwanza. Hiyo yake ilifunga biashara zamani."

Nilinunua suruali. Wakajibu fomu. Mzuri, mzuri. Mwanamke mwenye duka la viatu alikataa kujibu mpaka tumeomba, nasi tukaomba tukiwa tumesimama kati ya makubazi, maombi marefu yaliyotaja kila rafu. Kisha akasema mzuri, na akashangaa kwamba nilihitaji kuuliza.

Alasiri nilikaa kwenye ngazi za ghala, nikazipitia fomu zote tangu mjini. Zilizosema mbaya zilikuwa chache mno, nazo nilizijua nyuso za wenyewe: wagonjwa, walevi, na mzee mmoja aliyenichukia. Sikuona sababu ya kusubiri. Nilichukua fomu iliyoharibika, nikaandika nyuma yake maneno mawili: *Ndiyo. Uza.* Niliyaandika kwa mwandiko mzuri, ule niliojifunza kwa ng'ombe watatu. Nikampa muuza maparachichi anayeishi jirani na Mwikali, akaikunja, akaitia kifuani, akapanda kilima.

Njia ya kushuka Kinanie

Siku iliyofuata nilishuka kuelekea nyanda. Mvua ilikuwa imenyesha kwa saa moja tu, baada ya miezi ya ukame, na ile saa moja iliugeuza udongo mweusi kuwa gundi. Baada ya kupita kituo cha Koma nilimkuta mtu akisukuma baiskeli iliyokatika mnyororo. Juu ya kiti cha nyuma alikuwa amefunga kibao kikubwa cha mbao, na kwenye usukani ilining'inia mikebe ya rangi. Nikaisoma K kwenye kibao kabla sijamwona uso.

"Wewe ndiye mwenye hiyo K?"

"Mkia ndio sahihi yangu," akasema. "Ukiuona mkia, ujue Mutua amekula siku hiyo."

Alikuwa mtu wa umri wangu, mwembamba, mcheshi, mwenye kucha za rangi saba. Tulisukuma baiskeli kwa zamu hadi Joska, tukaketi kwenye kioski tungoje fundi wa mnyororo, tukaagiza chai na maandazi. Mutua hakukaa bure. Alitoa wembe na msasa, akaanza kukikwangua kile kibao. Rangi ya njano ilibanduka kwa vipande. Chini yake ikatokea ya buluu, na chini ya buluu nyekundu. Kwenye ile nyekundu nilisoma TUMAINI HOTELI. Kwenye buluu palibaki TUMAINI JIPYA, KINYOZI. Njano ilikuwa KARIBU NEW TUMAINI SHOES.

"Hawa ni watu watatu?" nikauliza.

"Mtu mmoja. Anarudi kuwa kinyozi sasa. Amesema niandike ORIGINAL."

"Kila mara alihama?"

"Atahama aende wapi? Ni mlango ule ule." Alipuliza vumbi la rangi. "Ndugu, wewe unatoka mbali. Hapa mtu biashara ikimkufia, hafungi. Akifunga, watasema amefilisika, na hakuna mwenye duka la jumla atamtolea bidhaa tena. Ijumaa anashusha kibao. Jumatatu kiko juu na jina lingine, na leseni iko kwa jina la mke wake. Mwaka mwingine, ya mama yake. Nyanya yangu alikuwa anasema mtoto akisumbuliwa na ugonjwa mbadilishie jina, ugonjwa ukija kuuliza usimpate."

"Na ugonjwa humkosa?"

"Mimi ni mwandishi," akasema Mutua. "Sio daktari."

Chai yangu ilikuwa imeshika utando. Nilimwuliza swali ambalo ningalipaswa kumwuliza mtu wa kwanza niliyekutana naye mjini: kati ya vibao vyote vya Tala, vingapi vilikuwa vipya kweli.

"Rangi mpya ama mbao mpya?"

"Mbao."

Alihesabu kwa wembe hewani. "Mwaka huu nimenunua mbao tatu. Mbili ni za kanisa. Ya tatu ni ya daktari wa meno, na hajafungua bado."

"Lakini wote waliniambia mwaka ujao utakuwa mzuri."

Alinitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu mzima anayekuuliza maji hutoka wapi. "Uliwauliza wapi?"

"Madukani kwao."

"Jirani akisikia?"

Nilimkumbuka mama wa leso mbili na mlango wa jirani yake.

"Basi walikujibu vizuri," akasema, akaendelea kukwangua.

Sasa nifike mahali ambapo mezani penu ningeomba chumvi. Kutoka pale hadi kwa Mwikali ilikuwa nusu siku. Ningaliweza kugeuka. Nilisimama barabarani, mkoba begani, nikajipa sababu. Nilijiambia kwamba Ukambani ardhi haiuzwi kwa siku mbili: wazee hukaa, mpaka hukanyagwa, watu hula, hugombana, hula tena. Nilijiambia kwamba nikiikatiza kazi sitaitwa tena. Sababu hizo zilikuwa za kweli, na hakuna hata moja iliyonizuia. Kilichonizuia ni aibu. Sikutaka kuingia ua wa mama yangu nikisema kwamba msomi alisoma rangi akaacha mbao.

Nikaenda mbele.

Kinanie

Kinanie ilikuwa nyanda tupu, miiba na upepo, na katikati ya utupu huo safu ya vioski vya mabati vikitazama uwanja usio na kitu. Watu walikuwa wamesikia kwamba kiwanda kitajengwa. Nani alisema, hakuna aliyejua. Waliponiona na mkoba walitoka wote, wakinidhania kuwa mletaji wa kiwanda. Nilipokana, walinidhania kuwa dalali wa ploti. Nilipokana hilo pia, walirudi ndani wakiwa wamenikasirikia, kana kwamba nimewanyang'anya kitu.

Mmoja tu alinikaribisha, mwanamume mpole aliyefungua hoteli kwa ajili ya wafanyakazi wa kiwanda hicho. Alipika maharagwe sufuria moja kila siku. Nilikuwa mteja wake wa kwanza wiki ile.

"Unapika kwa ajili ya nani?" nikamwuliza.

"Nikiacha kupika, nitazoea kuacha."

"Na mwaka ujao?"

"Mzuri. Kiwanda kikikuja."

"Kisipokuja?"

Aliweka mwiko chini taratibu. "Hiyo haiko kwa karatasi yako. Nimesoma. Karatasi inauliza mwaka ujao tu."

Nikaandika mzuri. Maharagwe yalikuwa matamu.

Athi River

Nilifika Athi River nikiwa nimefunikwa na vumbi la saruji. Nje ya malango ya viwanda palikuwa na watu waliokuwa wakifanya kazi ndani mwaka uliotangulia. Sasa waliwauzia mayai na sigara wale waliobaki. Vijana walinipigia kelele kwa Sheng, wakiuliza kama nauza au nanunua: "Niaje mzae, unauza ama unabuy?" Niliwaorodhesha wauzaji wote. Kila aliyefukuzwa alikuwa biashara mpya.

Msimamizi wangu, kijana mwungwana mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, alizipokea fomu katika chumba kilichonuka nyama choma ya jirani. Alifurahi waziwazi. Alisema kwamba kati ya sehemu zote walizopokea, hapakuwa na watu wenye kujiamini kama wa Machakos. Nikamweleza habari za Mutua. Alinisikiliza mpaka mwisho, na ninamshukuru kwa hilo.

"Leseni ni mpya?"

"Ni mpya."

"Basi biashara ni mpya."

"Lakini mtu ni yuleyule. Anaanguka, anasimama mahali pale pale, nasi tunamhesabu kila anaposimama."

"Naelewa, mzee," akasema, na naamini alielewa. "Ila fomu haina mahali pa kuandika kuanguka." Kisha akanipa fomu moja tupu, akasema moja ya zile za Tala ilikuwa imelowa mvua na haisomeki, nikipita njia hiyo, niijaze upya kwa mtu yeyote.

Kurudi Tala

Kurudi sikutembea. Nilidandia lori la kokoto lililoharibika mara mbili, na kila liliposimama nilijikuta nikitembea mbele yake, kisha nikilisubiri, kama mbwa na bwana wake.

Sikuhitaji kufika Kangundo. Kwenye safu ya maduka ya Tala, juu ya ngazi, nilimwona Mutua. Chini yake, mikono kiunoni, alisimama Mwikali akimwelekeza. Muuza maparachichi alikuwa ameifikisha karatasi yangu jioni ileile. Yule mwalimu wa sekondari alikuwa tayari na fedha. Wazee walikaa asubuhi iliyofuata, na kwa kuwa jibu lilikuwa na mwandiko wa mtoto wa kwanza, hawakuona la kujadili. Mpaka ulikanyagwa kesho yake kabla ya saa sita. Siku mbili zilitosha, na nusu ya siku ilibaki.

Kibao kilisema MSOMI STORES.

"Jina limekupendeza?" Mwikali akauliza. Alikuwa na furaha ambayo sijaiona usoni kwake tangu mumewe afariki. "Watu wanauliza msomi ni nani. Nawaambia subirini, anakuja."

Mutua alishuka, akaniona, akatambua. Alitazama kutoka kwangu hadi kwa dada yangu na kurudi. Aliponipita kuchukua tapentaini alisema polepole, "Sikujua ni wako. Hiyo mbao ilikuwa ya yule mama wa viatu wa hapa Tala. Yule uliyesema aliomba nawe."

Mwikali alinipikia chai kwa maji ya mtungi, maji ya kununua. Yalikuwa ya magadi. Tulionja sote wawili, watoto wa penye maji, tukaviweka vikombe chini. Ndipo nikamwambia. Nilimwambia yote: vibao, leseni za wake na mama, mbao tatu, Joska, nusu siku niliyokataa kuitembea. Sikujipunguzia hata kidogo. Alisikiliza huku akipanga sabuni kwenye rafu, kipande juu ya kipande, hata safu ikanyooka kabisa.

"Ungekuja siku ile ungenikuta na bonde," akasema.

"Ndiyo."

"Sasa limeenda."

"Ndiyo."

Alipanga vipande vingine vitatu. Mlango wa pili, mwanamume aliyekuwa akipiga pasi alikuwa ameacha kupiga pasi.

"Hayo maneno usiyarudie hapa, mwana wa mwaitu," akasema kwa sauti ya chini. "Watu wanasikia." Kisha akaona fomu iliyochungulia mkobani mwangu, akajipangusa mikono. "Umeuliza Machakos yote. Mimi hujaniuliza."

"Si lazima."

"Niulize."

Nilitoa kalamu. Nikaandika jina la biashara, na mahali pa tarehe ya leseni nikaandika ya juzi. Nikamwuliza anatarajia mwaka ujao uweje.

Dada yangu alitazama juu ya bega langu, kwenye mlango wa jirani, akapaza sauti.

"Mzuri."

Nikaandika mzuri, kwa mwandiko uleule.